Sasa Nasoma Mwenyewe

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.
10 Machi 1974

Kwa binti yetu, Mwalimu Benedicta, uliyeko Kamachumu, Mkoa wa Ziwa Magharibi.

Salamu nyingi zipande milima na kulivuka ziwa mpaka zikukute darasani mwako, chaki mkononi. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mama yako ana mafua yasiyo na uzito. Anayekuandikia ni mimi, Mzee Polikarpo, katekista mstaafu na balozi wa nyumba kumi, kwa niaba ya mama yako Eufrazia. Amekaa mbele yangu kwenye kigoda na anasema maneno, nami nayaweka katika Kiswahili kinachofaa.

Mama yako anasema alipata barua yako ya Januari. Niliisoma kwa sauti hapa barazani kwangu, na majirani wote waliokuwepo walifurahi kusikia kwamba umepona tumbo la kuhara. Anasema kule kiwanda cha sabuni bado anafagia na kupanga maboksi. Msimamizi mpya ni mkali lakini hatukani. Anasema Filomena, rafiki yake wa kiwandani, amepata mjukuu. Mimi naongeza kwamba mtoto ni mzuri, ila jina walilompa silipendi.

Ama kuhusu jambo kubwa. Mwanangu Wilbert, ambaye mmekua pamoja tangu tulipohamia hapa kutoka Masasi, sasa ni fundi wa magari mwenye kazi ya kudumu. Hanywi, na misa ya Jumapili haimpiti. Mimi na mama yako tumezungumza. Ukirudi likizo ya Desemba, napenda kuleta posa kwa taratibu zetu za nyumbani. Nimeisoma sentensi hii kwa mama yako naye ametazama chini. Naelewa kwamba amekubali.

Wilbert anakusalimu. Hakusema, lakini najua angependa kusema.

Ni mimi mwandishi, Polikarpo. Alama ya dole gumba hapo chini ni ya mama yako.


Kamachumu,
2 Mei 1974

Mama mpendwa, shikamoo. Mzee Polikarpo, shikamoo nawe, na asante kwa kazi ya kuandika. Majirani wote mlioko barazani, hamjambo.

Mama, mafua yameisha? Chemsha majani ya mchaichai, usiyadharau. Mimi ni mzima. Darasa langu la watoto limejaa mpaka wengine wanakaa madirishani, na alasiri nafundisha watu wazima kusoma, kama walimu wote tulivyoagizwa. Kuna bibi mmoja anakuja na kuku wake kwapani kwa sababu anaogopa kumwacha nyumbani. Kuku amezoea, halii.

Kuhusu lile jambo kubwa, nimelisoma. Huku mvua ni nyingi sana mwaka huu. Barabara ya kushuka mjini Bukoba imeharibika na lori la kahawa lilikwama.

Msalimieni Filomena na mjukuu wake, jina lolote lile.

Mwanenu, Benedicta


Tandika,
7 Julai 1974

Mwalimu Benedicta,

Kwanza salamu, na pole kwa lori la kahawa. Umeandika kwamba umelisoma lile jambo, halafu ukatueleza mvua. Mvua tunaijua, binti yangu. Tulingoja jibu la posa, tukapata matope.

Mama yako hajambo, ila amepata jambo jipya. Serikali imefungua darasa la kisomo pale kiwandani kwao, saa ya mwisho ya kazi, na mshahara haukatwi. Vitabu bure, chaki bure, mwalimu ni kijana anaitwa Kasiani. Wakishajua kusoma watafundishwa na kazi za ufundi za kiwanda, na katikati kuna somo la siasa ambamo kila mtu anazoezwa kusimama na kusema. Mama yako amejiandikisha. Mimi sina pingamizi. Nilimwambia tu kwamba mimi nipo na kalamu ninayo, sasa haraka ya nini?

Tena vitabu walivyoletewa ni vya kilimo cha migomba! Sijui vimepoteaje njia. Wapika sabuni wa Temeke, watu ambao ndizi wanaijua ikiwa imeshafika sokoni, wanakaa saa nzima wakisoma namna ya kupunguza machipukizi. Jana mama yako alipita hapa akisema peke yake, "Mgomba, magomba, gomba." Nilimwonea huruma.

Turudi kwenye jambo letu. Mama yako amesema, nami naandika kama alivyosema: angefurahi ukiolewa nyumba ya tatu kutoka kwake, ili akikuita uitike. Nyumba ya tatu, kama unavyokumbuka, ni kwangu.

Mwandishi, Polikarpo


Kamachumu,
15 Septemba 1974

Mama mpendwa, shikamoo. Mzee, shikamoo.

Hapa shuleni tumecheka mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Vitabu vya migomba ni vyetu! Tulivingoja tangu mwanzo wa mwaka, kila tukiuliza tunaambiwa viko njiani. Kumbe vimefika Tandika. Sisi tumepewa vya pamba, na wazee wa hapa wananiuliza pamba inapikwa na maharage au na samaki. Mama, shika vizuri hicho kitabu. Kila ukurasa unaosoma ni shamba ninalopita asubuhi nikienda kazini.

Mimi ni mzima. Desemba sitaweza kuja, walimu tumepangiwa kazi ya kisomo wakati wa likizo. Nimesikitika kweli.

Mzee Polikarpo, nina ombi, na ninaomba kwa heshima. Sehemu hii umsomee mama peke yake, majirani wakiwa wamekwenda. Mama, ile sentensi ya nyumba ya tatu ni yako mwenyewe, au Mzee ameipamba kidogo? Sijibu lolote kuhusu posa mpaka nijue.

Mwanao, Benedicta


Tandika,
19 Januari 1975

Mwanangu Benedicta,

Mimi mama yako. Naandika mwenyewe. Mkono unauma.

Hujambo? Mimi sijambo. Filomena hajambo. Unga siku hizi ni wa njano. Watu wanauita yanga. Unanuka lakini tunakula.

Ombi lako Mzee hakulifuata. Alisoma swali lako watu wamejaa. Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza. Akataka niandikishe jibu. Nikakataa. Ndiyo maana hukupata barua.

Najua kupunguza machipukizi. Najua mdudu fukusi anavyokula mgomba. Sijapanda mgomba hata mmoja.

Sasa sikia. Barua usitume kwa Mzee. Tuma kiwandani kwa Mwalimu Kasiani. Atanipa ikiwa imefungwa. Nitaisoma mwenyewe hata kwa wiki nzima.

Mzee anataka jibu la posa Pasaka. Je, unamtaka Wilbert? Sema kweli. Hakuna mtu katikati yetu.

Andika herufi za kuachana. Usiziunganishe.

Mama


Kamachumu,
16 Februari 1975

Mama, shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Naandika herufi za kuachana. Ukichoka, pumzika, karatasi haikimbii.

Barua yako niliifungua nikiwa nimesimama mlangoni mwa posta. Nikaona mwandiko siujui. Nikasoma "Mimi mama yako," nikakaa chini kwenye ngazi na kulia, watu wananipita. Karani akatoka kuuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, mama yangu ameandika.

Sasa kweli yenyewe. Simtaki Wilbert. Si mtu mbaya, nampenda kama ndugu, lakini simtaki awe mume wangu. Naye hanitaki. Aliniandikia mwaka juzi. Ana mchumba, anaitwa Apolonia, analima Kinyerezi, na Wilbert anaogopa kumwambia baba yake. Alinisihi nisiseme. Na hata ningetaka kusema, ningesemaje? Barua zangu zote zilipita kwenye miwani ya baba yake. Ndiyo maana niliandika mvua. Niliandika mvua mpaka nikajiona mtu wa idara ya hali ya hewa.

Habari ya Apolonia usimwambie Mzee. Hiyo ni ya Wilbert mwenyewe kuisema.

Mama, kuna jingine. Mimi sina mchumba huku, usiwe na wasiwasi. Lakini wamenichagua niwe mratibu wa elimu ya watu wazima katika tarafa yetu. Nitazunguka vijijini, nitafundisha walimu wengine, na kazi ni ya miaka mitatu mfululizo. Naitaka, mama. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Ila sijakubali. Baba hayupo, mtoto uliyenaye ni mimi peke yangu, nami niko mwisho wa nchi. Ukisema nirudi Dar, nitaomba uhamisho na sitanuna.

Lakini kwanza unijibu lile swali. Nyumba ya tatu, ni wewe uliyesema?

Wako, Benedicta


Tandika,
20 Aprili 1975

Mwanangu mpenzi,

Natumaini unakula vizuri na bibi wa kuku bado anakuja. Mimi mzima. Yanga imepungua madukani, tumepata unga mweupe kidogo, tukafanya kama sikukuu. Barua yako niliisoma kwa siku nyingi, kila jioni kipande. Nilipofika kwa Wilbert nikarudi mwanzo kuhakikisha sikukosea.

Nilikwenda kwa Mzee Jumatatu ya Pasaka. Alikuwa ameshavaa miwani na karatasi iko mezani, akidhani nimekuja kuandikisha. Nikamwamkia. Nikasema, "Mzee, posa nashukuru, lakini binti hataki."

"Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe. Kaniandikia."

"Barua imekuja lini? Mbona mie sijaiona?"

"Imekuja kwangu, Mzee. Nimeisoma mie."

Akanyoosha mkono. "Hebu ilete niitazame. Pengine hukuelewa. Kusoma ni kitu kimoja, kuelewa ni kingine."

"Nimeelewa. Na barua ni yangu."

Benedicta, haikuwa rahisi. Huyu ndiye aliyesimamia mazishi ya baba yako. Lakini Mwalimu Kasiani ametuzoeza kwenye somo la siasa: unasimama, unasema neno lako bila kumtukana mtu, unakaa. Filomena alikuwa mwenyekiti wa mazoezi yale na alininyima nafasi mara mbili kwa sababu nilisema chini chini. Basi kwa Mzee nilisema ikasikika mpaka uani. Nikamaliza nikatafuta pa kukaa, kigoda alikuwa amekikalia mtu mwingine, nikakaa sakafuni.

Nilidhani atafoka. Hakufoka. Alivua miwani, akaifuta na shati. Akasema, "Mtaa mzima mkijua kusoma, mie ntafanya nini sasa?" Nikamhurumia sana.

Wiki mbili hakunisalimu. Kumbe Wilbert alikuwa uani akitengeneza baiskeli na alisikia yote. Aliona mimi mama mtu mzima nimeweza, yeye mwanamume na mikono yake ya grisi anashindwa vipi? Akatoa habari ya Apolonia siku iyo hiyo. Mzee akachukua fimbo, akaenda Kinyerezi kwa hasira. Akarudi na mzigo wa mihogo, anasema msichana ana adabu na jembe analijua. Sasa tunasalimiana tena. Posa imekwenda Kinyerezi.

Kiwandani nimeacha ufagio. Nimeingizwa kwenye mafunzo ya chumba cha mapipa. Tunajifunza kusoma mizani, kusoma kipimajoto, kupima mafuta na magadi makali. Ukizidisha magadi, sabuni inachuna ngozi. Sabuni ya kwanza ya darasa letu ilikataa kuganda. Tukagawana kwa vikopo tukaifulia ikiwa uji, na nguo zilitakata.

Mengine nitaandika siku nyingine. Mkono umechoka.

Mama


Kamachumu,
15 Juni 1975

Mama, shikamoo.

Nimefurahi, nimecheka, nimewasomea walimu wenzangu habari ya sabuni ya uji. Sikuwasomea ya Mzee. Mpe pole yangu, lakini usimpe barua.

Ila mama, nimegeuza karatasi yako nyuma na mbele. Umeandika habari ya Mzee, ya Wilbert, ya mihogo, ya magadi. Maswali yangu mawili hukuyagusa. Na wewe umejifunza kuandika mvua!

Wanataka jibu langu kuhusu uratibu kabla ya mwisho wa Septemba. Baada ya hapo nafasi anapewa mwingine. Bila neno lako sitaikubali, nimeshawaambia hivyo. Wananicheka kwamba mtu mzima anangoja mama. Waache wacheke.

Usiniandikie unachodhani nataka kukisikia. Niambie unachotaka wewe.

Mwanao, Benedicta


Tandika,
31 Agosti 1975

Mwanangu Benedicta,

U mzima? Mimi nina afya, nina kazi, nina furaha. Mtihani wa kisomo tumeufanya mwezi huu, nchi nzima siku moja. Mimi nilipewa habari ya kusoma mbele ya msimamizi, nikaisoma yote, akaniuliza maana, nikamweleza, akasema inatosha. Nikamwambia haitoshi, nina kipande kingine. Akanisikiliza tu, masikini. Majibu bado, lakini chumba cha mapipa wameniweka moja kwa moja, hawakungoja majibu.

Mzee Polikarpo naye amepata kazi. Mwalimu Kasiani alimfuata nyumbani, akamwomba awafundishe akina mama wa mtaani ambao hawana kiwanda. Alijifanya anafikiri. Kesho yake baraza lilikuwa limefagiliwa na ubao umesimamishwa. Anafundisha kwa vile vile vitabu vya migomba, na anawafokea kwelikweli. Wanampenda.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu langu mwenyewe liliniogopesha. Nimeliandika na kulichana. Leo silichani.

Ile sentensi ni yangu. Mzee hakuongeza hata neno. Ametuongezea mengi huyu, ila lile alilitoa kama lilivyotoka kinywani mwangu. Nilitaka uolewe nyumba ya tatu. Ulipouliza mbele ya watu nilinyamaza kwa sababu ningesema si yangu, ningekuwa mwongo, na ningesema ni yangu, ungerudi.

Haikuwa kwa ajili ya Wilbert. Wewe ulipokwenda huko, ulipotea. Barua ilikuwa ikija, nasikia sauti ya mzee mwenye kikohozi, watu wanacheka, mtoto wa mtu analia, halafu napewa karatasi narudi nayo nyumbani. Nakaa kitandani naitazama. Najua karatasi imejaa wewe, na sioni kitu. Nikaona bora uwe karibu hata kwa mwanamume usiyemtaka. Ndivyo nilivyowaza, mwanangu. Kama ungesema ndiyo kwa kunihurumia, ningeshangilia, na wewe ungeolewa na mchumba wa mtu.

Jumapili hizi, nikitoka misa, natoa barua zako zote, hata zile za zamani alizosoma Mzee. Nazisoma mwanzo mpaka mwisho. Nimeona kuna mahali aliruka. Ile ya kwanza kabisa uliandika kwamba unanikumbuka mpaka chakula hakipiti. Sikuwahi kuisikia hiyo. Nikamwendea na barua mkononi nikamwonyesha mahali penyewe, nikamuuliza kwa nini.

Akatazama, akakumbuka. Akasema, "Eufrazia, baraza lilikuwa limejaa watu. Ningeisoma ile, mie ningelia, na we ungelia."

Basi nimeilia juzi, peke yangu, kwa utulivu, na nimeisoma tena mara nyingi. Miaka yote hiyo nilidhani umezoea kuwa mbali nami. Sasa nakusikia wewe mwenyewe. Nikifungua karatasi, unaanza kusema, na ukinichekesha nacheka, hakuna anayenitazama. Mtoto anayesema nami hivi hajapotea, awe Kamachumu au wapi.

Umeniuliza ninachotaka. Nataka uwe na kazi unayoitaka kama mimi ninavyoitaka yangu. Nenda kawaambie umekubali. Kaa huko miaka yote mitatu, zunguka vijiji vyote. Ukipata nafasi uje, na usipopata nitakuja mimi. Nitapanda treni mpaka Mwanza, kisha meli, na majina ya stesheni nitayasoma dirishani.

Nimekuruhusu, Benedicta, na moyo wangu umetulia.

Mama yako